Rupia ya Mama na Mashine ya Nyapara

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, niumalize mapema, nipate nafasi ya kumsema mtu kwa raha. Masika ya mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, niliitoa rupia ya mama yangu kwenye kopo alimoificha, nikaizika nyuma ya jiko letu hapa Mabwerebwere. Sikuizika peke yake. Niliizungushia visoda, hivi vizibo vya chupa, zaidi ya mia moja, nilivyookota nje ya baa za Kilosa kwa wiki mbili, mpaka jirani mmoja akamwambia mama kwamba mwanawe ameanza kuokota makopo, aangaliwe kichwa. Nikafukia kila kimoja kwenye shimo lake, nikakanyagakanyaga, nikachomeka kijiti pale ilipo rupia, kisha nikaenda kumwita Nyapara.

Nilitaka kumcheka tu. Mashine yake ya kutafutia chuma ardhini ingelia kila hatua, achimbe visoda mpaka mgongo umlie kuliko mashine, halafu mwishoni aiibue rupia, arukeruke, na mimi nipige kelele: "Mama! Mpagazi kaiba rupia yako!" Tungecheka mpaka Krismasi. Kichwani mwangu ulikuwa mpango bomba.

Rupia yenyewe si pesa ya kununulia kitu. Ni ya Mjerumani, ya fedha, ina mzungu mwenye masharubu na kofia iliyotuliwa na ndege. Bibi yake mama ndiye aliyeitoboa tundu, na tangu hapo katika ukoo wa mama hakuna msichana aliyetolewa mwali bila kuwa nayo shingoni. Mama alitoka nayo. Dada yangu alikuwa atoke nayo baada ya mavuno. Hayo yote niliyajua. Nilijiambia ni ya kuazima kwa siku moja.

Sasa Nyapara.

Jina la Nyapara alilitoa relini. Miaka mingi alisimamia genge la watu wa kukaza nati na kubadilisha mataruma ya kulalia reli upande wa Munisagara, na reli ilipoanza kupunguza watu, yeye alipunguzwa lakini jina likabaki. Miguu nayo ilibaki relini. Nyapara alitembea kwa hatua za taruma: hatua fupi, sawasawa, kama vile katikati kuna kokoto asizotaka kukanyaga. Alitembea hivyo sokoni, alitembea hivyo msibani, na nina ushahidi wa macho kwamba alitembea hivyo kwenda chooni akiwa amebanwa. Sisi vijana tulikuwa tunajipanga nyuma yake watano, sita, tukiiga. Akigeuka, tunasimama na kumpa shikamoo kwa pamoja, kama kwaya.

Shikamoo ndiyo ilikuwa ushuru wake. Ungekuwa na ndoo ya maji kichwani, ungekuwa unakimbizwa na mbwa, ulipe kwanza. Ukimpita kimya anasimama katikati ya njia na kusema, "Naona kuna mtu amepoteza ulimi, niende nikachukue mashine?"

Mashine. Ilikuja wakati ule kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa, redio za kaseti zimejaa, na kila aliyepunguzwa kazi alikuwa na kitu kinaitwa mradi. Huyu banda la kuku, yule kibanda cha kurekodi kanda, mwingine mashine ya kusaga. Nyapara alikwenda Dar es Salaam akarudi kwa treni, akatangaza mtaa mzima kwamba amenunua mashine. Asubuhi yake akina mama walijaa nyumbani kwake na mahindi kwenye masinia. Akatoka na kitu kimefungwa blanketi. Akakifungua taratibu kama anamfungua mtoto mchanga. Kilikuwa kama jembe lililomeza sahani.

"Inasaga nini hiyo?" mama yangu akauliza.

"Inasaga siri," akajibu Nyapara, kidevu juu.

"Basi anza na zako, mpagazi."

Watu walicheka, akina mama wakabeba mahindi yao wakaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi wa mradi.

Niseme hapa kuhusu mama na Nyapara, maana bila hilo hamtaelewa jambo. Yeye Mnyamwezi, sisi Wasagara. Ni watani. Mababu zake walipita hapa na mizigo ya misafara kichwani, na sisi tuliwatazama wakipita, basi tangu hapo tuna ruhusa ya kutukanana. Mama alimwita mpagazi, mwizi, mla panya. Yeye alimwita mama mtumwa wangu mfupi. Alikuwa akipita asubuhi kwetu kabla hata hajapiga mswaki, anasimama uani: "Mtumwa mfupi, uji wangu uko wapi?" Mama naye: "Nimempa mbwa, kaukataa, ngoja nikuletee." Na anamletea. Mimi aliniita ngedere. Siku moja katika msiba wa shangazi yake Nyapara, mama alikwenda akalala juu ya jeneza, akakataa kunyanyuka mpaka alipwe chumvi, na Nyapara, machozi yakimtoka, alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ndivyo walivyopendana wale watu wawili. Kwa matusi.

Turudi kwenye mashine. Nyapara alikuwa na msemo wake, aliusema akiwa ameinua kidole: "Ardhi haisahau. Watu ndio wanaosahau." Alikuwa na hakika kwamba Wajerumani walipokimbia vita waliacha mali imezikwa kuanzia Kilosa mpaka Mikumi. Sasa niwaambieni kile ambacho ardhi ilikuwa haijasahau. Ilikumbuka vifuniko vya dawa ya viatu. Ilikumbuka pasi ya mkaa isiyo na mkono. Pedeli ya baiskeli, nusu ya mkasi, kijiko, kijiko, kijiko. Kule Zombo alisikia mlio mkubwa kwenye kiwanja cha mtu, akachimba kutwa nzima mpaka anaonekana kofia tu, akaibua pipa lililooza. Lile shimo mpaka leo ni choo cha familia ile, na wanamwombea dua.

Aliwadharau waganga. Wakati huo walikuwa wengi, wanazunguka na kuku weusi wakisema mali ya Mjerumani inalindwa na nyoka mwenye vichwa kadhaa. "Ushenzi," alisema Nyapara. "Hii ni sayansi. Chuma hakidanganyi." Halafu mwanasayansi huyo huyo, kabla ya kuingiza koleo lake ardhini, anavua kofia na kubisha hodi mara tatu. Nilimuuliza, "Babu, unambishia nani hodi?" Akasema, "Huo si uganga, ngedere, ni adabu. Wewe ukiingia kwa watu unaingia kama mbuzi?"

Betri zilikuwa ugonjwa wake wa pili. Zikichoka alizianika juani zipate nguvu. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, kwa hiyo alizianika juu ya bati la jiko letu, zinakaa pale zimejipanga kama mijusi, na yeye anakuja kuzigeuza kila baada ya muda kama anageuza vitumbua. Mashine yenyewe ilikuwa na hedifoni, akizivaa hasikii mtu. Unaweza kusimama mgongoni kwake ukamsema mpaka ukachoka. Mimi nilisimama sana. Humo ndani anasikiliza kwa uso wa mtu anayepewa habari kutoka ikulu, midomo inachezacheza, kumbe anasikia kijiko.

Pesa za zamani kweli alizipata, sitamnyima. Heleri za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinang'aa. Siku moja akaja tajiri kutoka Dar, ana cheni ya dhahabu na miwani meusi, anazitaka zote. Mtaa mzima ulisimama kushuhudia Nyapara akitajirika. Yule bwana akaingia, akasema, "Mambo vipi, mzee?" Nyapara akafunga kopo lake. "Siuzi kwa mtu ambaye hajaniamkia." Tajiri akacheka, akadhani ni mbinu ya kupandisha bei, akaongeza. Nyapara akamtolea nje kiti alichokalia. Mtu nyumba yake inavuja! Mtu anaanika betri! Tulimsema mwezi mzima.

Na lile la misumari ya reli ndilo liliniudhi kuliko yote. Mashine iliibua misumari, nati, vipande vya mataruma ya chuma, kila wiki. Wakati huo kila kijana mwenye akili alikuwa anauza chuma chakavu. Yeye anavifunga kwenye gunia, anavibeba mpaka stesheni, anavipanga chini ya benchi. Mali ya reli. Reli iliyompunguza! Na kabla ya Jumapili wale wale vijana wenye akili walikuwa wameshavibeba.

"Babu," nikamwambia, "wanaviuza wale."

"Wao wanauza. Mimi narudisha."

Jibu la kijinga kabisa. Nililiiga shuleni kwa sauti yake, darasa likaanguka.

Basi siku ile ya visoda nilimwambia kwamba marehemu bibi mzaa baba alisema Wajerumani walipiga hema nyuma ya jiko letu. Alikuja mbio, kwa hatua za taruma lakini mbio. Akavua kofia, akabisha hodi. Mashine ikalia. Akachimba: kisoda. Ikalia tena. Kisoda. Nilikuwa nimekaa kwenye kinu nikijing'ata kiganja ili nisicheke. Alivitoa kumi na moja, akavipanga juu ya tofali kimoja kimoja kama nati zake, halafu mashine ikanyamaza. Betri. Mawingu yalikuwa yamefunga, hakuna jua la kuanikia. Akasema, "Wajerumani walikuwa walevi sana," akafunga blanketi lake, akaondoka.

Mvua ilinyesha siku tatu. Nilipotoka kwenda kuifukua rupia mwenyewe, dada alikuwa ameshachomoa kijiti changu kuwashia moto, na ua wote umekuwa tope moja laini.

Ijumaa mama alifungua kopo.

Nilimsikia akikung'uta kopo. Kisha akakung'uta godoro. Kisha akatoka nje, na kwa bahati mbaya Nyapara alikuwa anapita.

"We mpagazi mwizi! Nipe rupia yangu!"

Mtaa ukaanza kucheka. Muuza mafuta ya taa, wasuka mikeka, wote. Nyapara akasimama, akaweka mkono kiunoni.

"Nimeshaiuza, mtumwa. Nimenunua mtumwa mwingine, mrefu kidogo."

Kicheko kikapanda. Mama hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Sikutanii."

Sijawahi kuona kicheko cha watu wengi kikikatika vile. Muuza mafuta ya taa aliishusha faneli yake. Nyapara alimtazama mama, akangoja, nadhani alikuwa anangoja sehemu ya pili ya mzaha. Haikuja. "Ni wewe tu uliyechimba kwangu," mama akasema. "Ni wewe tu unayejua thamani yake. Miaka yote hii nakupa uji."

Nyapara akashusha mfuko wake begani, akaugeuza chini juu. Vikaanguka koleo, betri nne, msumari wa reli, na muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Akageuza mifuko ya suruali ikaning'inia nje kama masikio. "Tafuta, mama," alisema. Mama. Hakusema mtumwa.

Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Neno moja tu lilihitajika. Nikanywa chai.

Kuanzia kesho yake Nyapara alipita kwetu asubuhi na kusema, "Habari za asubuhi, mama. Watoto hawajambo?" Mama akajibu, "Hawajambo." Kama watu wa ofisini. Mtani akianza kukuamkia kwa heshima, ujue amekufukia. Uji wake mama alikuwa bado anaupika kwa mazoea, halafu anauangalia, halafu ananipa mimi. Niliunywa uji wa mtu miezi mitatu, na sitaki kusema ulikuwa na ladha gani.

Watoto walianza kumwimbia njiani, mwizi, mwizi. Wenye viwanja wakamkatalia kuchimba. Mtu mmoja alipopoteza pete kisimani hakumwita, alikodi mpiga ramli. Mwisho tukasikia kahamia Mikumi.

Na mimi? Mimi nilianza kilimo. Nilimwambia mama nataka kupanda mchicha nyuma ya jiko. Mama, ambaye hajawahi kuniona na jembe bila fimbo nyuma yangu, aliwatangazia majirani kwamba nimekua. Nililima ua ule mara nne. Nilipata visoda thelathini, na mchicha uliota vizuri sana, tukala mpaka dada akaukataa. Rupia sikuiona.

Mavuno yakaisha. Dada akaingizwa ndani kwa bibi mzaa mama, akaanza kufundwa. Mama alikwenda kwa sonara kuuliza kama anaweza kutengeneza inayofanana, akarudi mikono mitupu, akasema, "Mwanangu atatoka shingo tupu kama mtoto wa kuokotwa." Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikamdanganya kwamba mama mdogo wa Mikumi ameomba unga, nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye uwanja wanapoegesha malori ya barabara kuu, kati ya wauza ndizi za kuchoma. Alikuwa anapitisha sahani yake juu ya vumbi lenye mafuta, anamtafutia dereva mmoja nati ya tairi. Ndiko hazina ya Mjerumani ilikoishia. Nyani mmoja alikaa juu ya tanki la lori akimtazama, na kwa majivuno walikuwa sawa. Nyapara alikuwa amekonda. Hatua za taruma zilikuwepo.

Nikamgusa bega. Akavua hedifoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Habari za nyumbani? Mama hajambo?"

Nilikuja tayari kuitwa ngedere. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi. Kwa "mama hajambo" sikuwa nimejiandaa. Nikayamwaga yote pale pale nimesimama, kopo, visoda, kijiti, mchicha. Nilipomaliza, alikuwa amerudi kuipitisha mashine ardhini.

"Vilikuwa vingapi?" akauliza.

"Nini, babu?"

"Visoda."

"Mia na kidogo."

"Kina gani?"

"Kiganja. Rupia kiganja na nusu."

"Imelala au imesimama?"

"Sijui."

"Mjinga. Ikisimama wima hailii vizuri." Halafu akasimama, akakaa juu ya tairi bovu. "Siku ile nilikuona mlangoni. Chai ilikuwa inakumwagikia miguuni. Nikasema, huyu ngedere angalau ananionea huruma."

Nikakaa chini kwenye vumbi, mbele ya tairi lake.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sitaishika. Nikimpa mimi mkononi, atasema mwizi karudisha. Utaichimba wewe, utampa wewe, na utamwambia nani aliizika. Ukibadilisha hata neno moja, narudi nayo Mikumi."

"Nayo nini, babu, si umesema huishiki?"

"Nyamaza."

Akarudi kumtafutia yule dereva nati yake, nami nikangoja. Aliipata. Ilikuwa imekwama kwenye kandambili ya muuza ndizi.

Alifika Alhamisi, mama akiwa kwa bibi. Akavua kofia nyuma ya jiko letu, akabisha hodi mara tatu, nami, Mungu anisamehe, nikaitikia "karibu". Hakucheka. Akavaa hedifoni, akaanza kupita juu ya mchicha wangu.

"Kisoda," alisema. "Chimba."

Nikachimba. Kisoda.

"Kisoda. Chimba."

"Babu, kama unajua ni kisoda, nichimbe cha nini?"

"Kwa sababu ulikizika."

Tukaenda hivyo. Yeye kanyoosha shingo kama meneja, mimi nimepiga magoti kwenye jua. Kila kisoda alinitaka nikipange juu ya tofali, vilivyopinda upande huu, vizima upande huu. Nilimchukia kwa dhati. Nilichimba kisoda cha hamsini, nikachimba cha sitini, malengelenge yakatoka na kupasuka, na yeye anasema tu, kisoda, kisoda, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli. Bustani ikawa kama imepitiwa na ngiri.

Kisha akasimama. Akarudisha sahani nyuma, akaipeleka mbele, polepole. Akavua hedifoni akanivika mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Visoda vililia kwa kukwaruza, kama kuku anayekabwa. Hiki kilikuwa na sauti nyembamba, safi, inayotoka mbali, na ilikuwa karibu kuzimika.

"Imesimama wima," alisema. "Si nilikuambia?"

Nilichimba kwa vidole. Ilikuwa pale, ukingo juu, imeshikwa na mzizi wa mchicha. Niliifuta kwenye shati. Nyapara alifunga mikono nyuma ya mgongo, akainama mpaka pua ikakaribia, akaitazama kama askari anavyomtazama mlevi aliyelala njiani.

"Kofia yenye ndege," alisema. "Imetunzwa."

Akaanza kuifunga mashine blanketi. Nikamwambia angoje, mama anakaribia kurudi, kuna ugali na mlenda, mimi mwenyewe nitasonga. Akasema basi la Mikumi halimngoji mtu. Akasema, "Mwambie mama nimemsalimu." Akatoka kwa njia ya nyuma.

Mama aliingia kwa njia ya mbele hata blanketi halijapinda kona. Nikampa rupia. Nikasema yote bila kubadilisha neno, hata lile la chai. Aliiweka rupia mdomoni, akaing'ata, akaitoa. Akatazama mashimo. Akatazama visoda kwenye matofali, vilivyopinda upande huu, vizima upande huu. Nikafumba macho kulisubiri kofi.

Halikuja. Nilipofumbua, mama alikuwa ameshafika barabarani, peku, kanga imemfunguka anaifunga huku anakimbia, nami nyuma yake. Mbele kule, mgongo wa Nyapara ulikuwa unakwenda, hatua fupi, sawasawa, mashine begani. Watu walianza kutoka nje. Mama akasimama katikati ya njia, akaweka mikono kiunoni. Alikuwa anahema. Akasema:

"Majirani, tokeni wote! Mwizi wa rupia nimemzaa mwenyewe, huyu hapa na matope yake! Na wewe mpagazi, mla panya mkubwa we, unanichimbia ua mzima halafu unakimbia na njaa yako unaipeleka wapi? Rudi unifukie mashimo, uji wako wa miezi mitatu uko jikoni unapoa!"